Rimu za 9.5 kwenye Altezza: uvute tairi, ujaze, au ushuke hadi 8.5?

Kesi hii huanza rimu zikiwa zimeshalipiwa. Mtu kapita Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta bushi za gari, akakutana na seti ya inchi 18 imeegeshwa ukutani, katikati imezama kama sufuria ya pilau, na muuzaji kapunguza bei mara mbili bila kuombwa. Kafika nazo nyumbani ndipo anaigeuza moja na kusoma kilichoandikwa kwa nyuma: 18x9.5J, +38. Toyota Altezza yake, toleo la RS200, ilitoka kiwandani na rimu za 17x7J, +50, tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17). Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Gari moja, seti moja ya rimu, na matairi ya aina mbili niliyoyavaa kwa zamu: kwanza 215/40R18, membamba kuliko rimu, yaliyovutwa hadi ubavu ukalala, baadaye 245/35R18 yanayoijaza rimu. Chaguo la tatu, rimu nyembamba zaidi, nimelijua kupitia Altezza ya shemeji yangu, ambayo nimeiendesha kwenda Morogoro mara nyingi kuliko anavyopenda. Nitalinganisha hayo matatu, na sitaficha ninakoegemea. Kwa mtu mwenye gari moja la kila siku, kuvuta tairi ni dawa ya ugonjwa ulioletwa na rimu, na wengi wetu tunainywa dawa kabla hatujapima kama tunaumwa.

Kwanza tuiseme rimu

9.5J maana yake ni kwamba kati ya kuta mbili za rimu, pale tairi linapoegemea, pana inchi 9.5, yaani milimita 241. Ukipima kwa nje, ukingo hadi ukingo, utapata kama 265. Ofseti, ile +38, ni milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na pale inapofungwa kwenye gari; namba ikiwa ndogo, rimu inatoka nje zaidi. Kwa ofseti ya +38, upande wa nje wa rimu hiyo unatoka milimita 44 zaidi ya ile ya kiwandani, na upande wa ndani unaingia milimita 20 kuelekea kwenye shokapu. Hizo 20 za ndani zinavumilika. Tatizo ni 44 za nje, kwa sababu fenda ya Altezza haina nafasi hiyo.

Sasa, gari likipita kwenye bonde na gurudumu likapanda, kinachoanza kugusa fenda kwa kawaida si ukingo wa rimu. Ni bega la tairi, ile kona ambapo ubavu unakutana na sehemu inayokanyaga lami. Ukivaa tairi jembamba kwenye rimu pana, ubavu unalala kwa mshazari na bega linarudi ndani. Kati ya 215 na 245 kuna milimita 30, kila upande 15. Ni unene wa kidole tu, lakini ndio unaoamua kama utasikia ule mkwaruzo kila ukipita kwenye bonde au gari litanyamaza.

Hiyo ndiyo asili ya mtindo wenyewe. Japani wanauita hippari, kuvuta. Madereva wa drifti walitaka rimu pana iingie chini ya bodi bila fenda kunyoa tairi, tena walipenda ubavu usioyumba gari likienda kiupandeupande. Ujerumani wenye Volkswagen Golf zao waliuchukua kwa ajili ya sura zaidi, lakini kule mambo hayaendi kiholela: ukitaka kuvaa tairi kwenye rimu pana kuliko inavyokubalika, mkaguzi wa magari wa TÜV atataka barua ya mtengenezaji wa tairi inayosema kipimo hicho kwenye upana huo ni sawa. Kwetu barua ni fundi akisema "inakaa, bosi".

Namba za machaguo yetu ni hizi:

| | 215/40R18 kwenye 9.5J | 245/35R18 kwenye 9.5J | 225/40R18 kwenye 8.5J, +40 |
|---|---|---|---|
| Upana wa rimu unaokubalika kwa tairi hilo | inchi 7.0–8.5 | inchi 8.0–9.5 | inchi 7.5–9.0 |
| Kimo cha gurudumu zima | mm 629 | mm 629 | mm 637 |
| Tofauti na la kiwandani (mm 625) | +0.6% | +0.5% | +1.9% |
| Namba ya mzigo na kilo zake kwa tairi moja, aina ya XL (lililoimarishwa) | 89, kilo 580 | 92, kilo 630 | 92, kilo 630 |
| Rimu inavyotoka nje kuliko ya kiwandani | mm 44 | mm 44 | mm 29 |

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio wa kusoma mara mbili. 215/40R18 mwisho wake ni 8.5, kwenye 9.5 umevuka kwa inchi nzima. 245/35R18 iko ukingoni lakini ndani ya mpaka. 225 kwenye 8.5 imekaa katikati ya kitanda. Namba za mzigo ni zile za kawaida kwa vipimo hivyo, ila soma ubavuni mwa tairi unalonunua, maana hapo ndipo ukweli ulipo.

Wapo wanaoshuka zaidi, hadi 215/35R18, kwa sababu ubavu unakuwa mfupi na picha inapendeza. Namba ya mzigo kwenye kipimo hicho mara nyingi ni 84, kilo 500. Tairi la kawaida la 215/45R17 ni 87, kilo 545. Kwa maneno mengine umevaa rimu kubwa zaidi na ukapunguza uwezo wa kubeba, halafu Jumamosi unapakia watu watano na mchele gunia zima. Hilo silishauri kwa gari lolote linalobeba familia.

Kwa fundi

Kuvaa 245 kwenye rimu ya 9.5 ni kazi ya kawaida. Mashine inazungusha, sabuni inapakwa, kompresa inafunguliwa, unasikia "pap", halafu "pap" ya pili, midomo miwili ya tairi, zile kingo za ndani zinazoshika rimu, imekaa mahali pake. Dakika kumi kwa gurudumu, na fundi anapiga stori huku akifanya.

Siku ya 215 ilikuwa tofauti. Fundi aliweka tairi juu ya rimu, akaliangalia, akaniangalia. "Bosi, hili tairi la gari gani?" Kulikuwa na mwanya kila upande ambao kidole changu cha shahada kilipita bila kugusa mpira. Upepo ukifunguliwa unatoka wote pembeni kwa kelele, tairi halijui hata kama limeguswa. Tulilifikisha kwa njia mbili zilizounganishwa. Alitoa sindano ya valvu ili upepo uingie kwa kasi, akapaka sabuni nyingi, akalaza tyubu ya baiskeli kuzunguka mwanya wa juu kama pete ili kuziba. Mdomo wa chini ukakaa. Wa juu ukakataa mara nne. Mara ya tano ulipanda, tyubu ikachomoka na kuruka kama nyoka, na kijana aliyekuwa anakunywa chai pembeni akahama benchi.

Gereji zenye vifaa hutumia tangi la upepo lenye mdomo mpana: linajazwa kwanza, kisha linaachiwa lote kwa mpigo mmoja ndani ya mwanya. Hiyo ndiyo njia ninayoweza kuipendekeza kwa tairi la kuvutwa. Ukikuta gereji haina tangi hilo na haijawahi kuvuta tairi, tafuta nyingine.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wa malori wanaijua: petroli kidogo ndani, kiberiti, mlipuko unatupa mdomo wa tairi nje. Ikatae. Tairi linaweza kupasuka usoni mwa mtu, na hata lisipopasuka, utando wa ndani unaozuia upepo usivuje unaweza kuungua, na huwezi kuuona ukiwa umeshafungiwa ndani ya rimu.

La pili la kukataa ni kuongeza upepo bila mwisho. Watengenezaji wa matairi ya magari madogo wanatoa kikomo cha PSI 40 wakati wa kukalisha mdomo. Kama hapo haujakaa, upepo unatolewa, sabuni inapakwa tena, tairi linazungushwa, inaanzwa upya. Fundi wangu wa siku ile alitaka kwenda 70. Nilikuwa nimesimama nusu mita kutoka kwenye tairi na nilikuwa mjinga kuliko sasa, kwa hiyo nilimwacha. Usimwache wako.

Jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii: karibu na ukingo wa rimu, kwenye ubavu wa tairi, kuna mstari mwembamba wa duara uliochorwa na kiwanda. Ukizunguka gurudumu zima, umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu unatakiwa uwe sawa kila mahali. Mahali mstari unapozama, mdomo haujakaa, hata kama umesikia "pap" zote mbili. Kwa tairi la kuvutwa kagua pande zote, wa ndani na wa nje, kabla gurudumu halijafungwa kwenye gari.

Na tusidanganyane kuhusu mtumba. Tairi la kuvutwa linahitaji mpira laini, mpya. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokauka, lenye nyufa ndogo karibu na mdomo, hapo unapolivuta ndipo unapozifungua hizo nyufa. Chapa nazo hazifanani. Nankang NS-2 na Toyo Proxes T1-R zilijipatia jina kwa wavutaji kwa sababu mabega yake ni ya mviringo na yanalala vizuri. Tairi lenye bega la mraba, hata kipimo kikiwa kile kile, linaonekana kama limelazimishwa, na ni kweli limelazimishwa.

Barabarani

Nianze na sifa, maana zipo. Gari lenye matairi ya kuvutwa linajibu usukani haraka. Ubavu umeshakaza kama kamba ya kuanikia nguo, haubonyei kwanza ndipo ugeuke. Ukiwa kwenye lami safi, mathalani alfajiri Barabara ya Bagamoyo kabla foleni haijaamka, unajisikia una gari jingine. Na sura, jamani. Mdomo wa rimu uko nje, unang'aa, fenda imeinama juu yake kama kofia. Nimelipiga picha gari lile kuliko nilivyowapiga ndugu zangu.

Kisha inakuja barabara yenyewe. Kazi moja ya ubavu wa tairi ni kuwa mto kati ya shimo na rimu. Kwenye rimu iliyojazwa, mpira unafika usawa wa ukingo au karibu sana, na matairi mengi mapana yana kigongo cha mpira kinachokinga rimu. Kwenye tairi la kuvutwa, ukingo wa rimu ndio uko mbele. Ukisogea karibu na kingo ya barabara kupaki, alumini ndiyo inayokwaruza. Ukiingia shimoni, ubavu uliokwisha kukazwa hauna pa kubonyea, mshindo unaenda moja kwa moja kwenye rimu, kutoka hapo kwenye shokapu, kutoka hapo kwenye kiuno chako. Matuta ya Mlandizi na Chalinze nilikuwa nayajua moja moja kwa sura, na zile rasta, vituta vidogo vya kabla ya matuta, zilinifanya nizime redio nisikie kama kuna kitu kimelegea.

Mwezi wa tano niliingia shimo lililojaa maji ya mvua. Si kubwa. Gurudumu la mbele kushoto lilitoa sauti ya sinia kuanguka. Gari halikuyumba, nikaendelea. Asubuhi yake tairi lilikuwa na PSI 19. Ukingo wa ndani wa rimu ulikuwa umekunjika kama mfuniko wa soda, urefu wa kidole gumba, na upepo ulikuwa unapenya hapo polepole. Kilichonitisha ni kile ambacho hakikutokea. Rimu za kisasa zina kigongo kidogo kwa ndani kinachozuia mdomo wa tairi usiteleze kuelekea katikati. Kinachoubana mdomo nyuma ya kigongo hicho ni upepo. Tairi la kuvutwa tayari linavutwa kuelekea katikati saa zote. Upepo ukipungua na ukakata kona kwa nguvu, mdomo unaweza kuchomoka. Na mimi jioni ile nilikuwa nimeukata mzunguko wa barabara, kiplefti, nikiwa na haraka ya kuwahi futari.

Kwa hiyo ukivaa matairi ya kuvutwa, upepo si jambo la kupima ukikumbuka. Mimi nilikaa PSI 38, nikipima kila Jumamosi tairi likiwa baridi. Kuna sababu ya pili ya kwenda juu: tairi la XL hufikia ule mzigo ulioandikwa likiwa na takriban PSI 42, siyo 30. Ukilijaza kama tairi la kawaida, zile kilo 580 huna. Ila ukipandisha upepo, safari inazidi kuwa ngumu. Hapo hakuna kona ya kujificha.

Matairi ya kujaa, 245/35, hayakuwa mkate na siagi. Ubavu wake ni takriban milimita 86, karibu sawa na 215/40, kwa hiyo usitegemee ulaini wa godoro. Tofauti ni kwamba ubavu unasimama wima na unafanya kazi yake. Breki zilishika vizuri zaidi kwa sababu mpira mwingi zaidi unagusa lami. Usukani ulikuwa mzito kidogo kwenye maegesho. Gharama yake ilijitokeza kwenye fenda: ilibidi kukunja ukingo wa ndani wa fenda zote nne kwa mashine ya kubonyeza huku rangi ikipashwa joto isipasuke, na kukata plastiki ya ndani ya mbele. Nyuma ilibidi kulaza gurudumu kiasi, juu liingie ndani, na tangu hapo matairi ya nyuma yanaisha upande wa ndani kwanza. Nikichelewa kufanya alaimenti, upande wa ndani unakuwa kipara huku wa nje ukiwa na kashata za kutosha kumdanganya trafiki.

Altezza ya shemeji, 8.5J yenye 225/40, haina hadithi. Milimita 29 nje, 9 ndani. Hakuna fenda iliyokunjwa. Anapita kwenye matuta akiwa anaongea. Mwendo ukisoma 100 kwenye dashibodi, yuko kama 102. Nikilipaki pembeni ya langu, langu ndilo linalopigwa picha, na lake ndilo linaloazimwa.

Nani achague nini

Kama rimu za 9.5 hujalipia bado, chukua 8.5 yenye ofseti kati ya +38 na +42 na uachane na mjadala huu. Sura ya gari inaletwa zaidi na ofseti na kimo cha gari kuliko kulala kwa ubavu. Gari lililoshushwa vizuri na gurudumu likakaa sawasawa na fenda linapendeza hata tairi likiwa la kawaida. Ukitaka mvuto kidogo wa ubavu kwa ajili ya macho, 215/40 kwenye 8.5 inafika ukomo wa kipimo chake bila kuuvuka, na ubavu unalala kiasi cha kuonekana.

Kama umeshalipia 9.5 na gari ndilo la kazini, la shule na la msibani Tanga, weka 245/35 na utenge pesa ya fenda mapema. Usinunue tairi mwezi huu ukasema fenda mwezi ujao. Fenda isiyokunjwa ni kisu, na tairi la bei mbaya linanyolewa kwa wiki mbili.

Kati ya hizo kuna 225/40 kwenye 9.5, ambayo wengi huiita mvuto wa kistaarabu. Imevuka mpaka wake kwa nusu inchi, inaokoa milimita 10 kila upande dhidi ya 245, na inakaa kwa kompresa ya kawaida bila tyubu ya baiskeli. Ningemwelewa mtu mwenye fenda asizotaka kuzikunja. Ila bado iko nje ya kipimo, na bima ikiuliza siku ya ajali, hilo ndilo litakalosomwa.

215 kwenye 9.5 nawaachia wenye gari la pili nyumbani, wanaotoka nalo Jumapili na kujua barabara zao shimo kwa shimo. Rimu iwe halisi, yenye alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za alumini, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na si stika, kwa sababu ndiyo itakayopokea kila kipigo. Na siku ya kuvaa, usiondoke gereji mara tu magurudumu yamefungwa. Nyunyiza maji ya sabuni kuzunguka midomo yote minane, subiri, tafuta mapovu. Andika upepo wa kila tairi kwenye simu. Asubuhi, kabla hujawasha gari, pima tena. Tairi lililopungua zaidi ya PSI 2 lirudi kwa fundi limefungwa kwenye buti, spea ikiwa mahali pake.